Mwenye Gamba na Mwenye Manyoya

Jina lake sitalitaja. Wanawe ni watu wema, mmoja nimemfundisha mimi mwenyewe, na hawana kosa lolote katika haya. Nitamwita Daktari, kama tulivyomwita wakati ule, ingawa udaktari wake ulikuwa wa vitabu, wa viumbe wa mito na vinamasi, na hakuwahi kumtibu mtu. Alifariki mwaka huu. Nilipokwenda nyumbani kwake kutoa pole nilikuta mahema, spika kubwa, na watu wakisubiri zamu ya kumsifu. Mmoja alisema marehemu hakuwahi kuogopa kusema kweli. Mwingine alisema maji ya nchi hii yamempoteza mlinzi wake. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, nimestaafu ualimu katika shule ya wasichana kule Kibuli, na watu wamezoea kuniona mpole. Lakini niliposikia neno hilo, mlinzi, damu ilinipanda mpaka masikioni, nikashika kiti cha plastiki kwa mikono miwili ili nisisimame. Ndipo mtu akanigusa bega kutoka nyuma. Alikuwa Akello. Tulikuwa tumepotezana kwa miaka mingi, salamu zikipitia kwa watu tu. Alikuwa amenenepa, amevaa gomesi ya rangi ya zambarau, mkanda wake umefungwa vizuri kiunoni. Hakuniuliza habari za nyumbani. Aliinama akaninong'oneza, kana kwamba tuliachana jana, "Umesikia, Zai? Mlinzi."

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni mwaka wetu wa pili chuoni. Tulikuwa wasichana wawili tu katika darasa letu la zuolojia, na labda ndiyo sababu tulishikana. Mimi nilitoka Old Kampala, kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya duka, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya mezani na ya ugomvi. Akello alikuwa Mlango, mtu wa kabila la kaskazini mwa nchi, baba yake polisi mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi, kifupi, kisichojali ngeli. Alikuwa akinicheka kwa kuongea kama redio. Chumba cha maabara tulichopewa kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu, chumba chenye unyevu, dari imevimba, meza zimechorwa majina ya wanafunzi waliotutangulia. Kilinuka formalini na matope. Kati yake na ofisi ya Daktari palikuwa na ukuta wa mbao nyepesi tu, hivyo tulisikia akikohoa, akikoroga chai, akiimba nyimbo za kanisani akiwa na furaha. Na mwanzoni mwa mwaka ule alikuwa na furaha mara nyingi. Nasema hivi kwa sababu hasira yangu isingekuwa kubwa namna hii kama angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Alitufundisha vizuri. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia mtoni pamoja nasi.

Mto wenyewe ulikuwa mwembamba, pembezoni mwa jiji, ukitoka kwenye msitu mdogo, ukipita nyuma ya kiwanda cha kutengeneza ngozi, kisha ukiingia kwenye mafunjo. Akello aliishi huko. Baba yake, ambaye kila mtu alimwita Afande, alikuwa mkuu wa walinzi wa kiwanda, na familia ilipewa nyumba ya wafanyakazi, vyumba viwili katika safu ya nyumba zilizopangwa chini ya kiwanda, karibu kabisa na maji. Wakazi wa safu ile walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu. Watoto walitoka vipele, samaki walielea matumbo juu, na upepo ukigeuka mtu alishindwa kula. Kikao cha viongozi wa eneo kikaahidi kuwasikiliza, kikamwomba Daktari achunguze mto na kusema kama maji yale ni salama au si salama. Yeye akatugawia kazi sisi wawili. Akello apewe mbawakawa wa majini, mimi nipewe mnyama ambaye sikuwa nimewahi kumsikia, kirukanjia wa maji. Tuwalinganishe, alisema, kwa sababu wote wawili wanaishi mto mmoja, wote wawili wanavuta hewa ya juu kama sisi, na wote wawili wanazama.

Mbawakawa wa Akello alikuwa mkubwa kiasi cha kokwa ya tende, mweusi, mwenye ukingo wa manjano, laini kama kitu kilichopakwa vanishi. Akipanda juu, hutoa kitako chake nje ya maji, huvuta hewa na kuihifadhi chini ya gamba la mbawa, kisha hushuka nayo kuwinda viluwiluwi. Na anaweza kuruka. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote. Mto ukikauka au ukiharibika, anafungua gamba, anakunjua mbawa na kwenda kwingine, na kesho mwingine kama yeye anatua mahali pake, akivutwa na mng'ao wa maji. Kirukanjia wangu hakuwa na bahati hiyo. Watu wengi wanaomwona hudhani ni fisi-maji mdogo, au panya, na si yeyote kati yao. Tangu pua hadi ncha ya mkia hafikii urefu wa mkono wa mtu mzima. Mkia wake ni mpana, umebanwa ubavuni kama wa samaki, na pua yake imejaa masharubu ambayo anatafutia kaa gizani. Anachimba shimo ukingoni, mlango wake ukiwa chini ya maji, na hapo ndipo anapoishi. Hana gamba. Kinachomhifadhi ni manyoya yake, mazito kiasi kwamba hewa hunasa ndani yake na maji hayafiki kwenye ngozi. Manyoya yakiharibika, baridi inamuua. Nilikaa ukingoni alfajiri na magharibi, juu ya kiwanda na chini ya kiwanda. Juu ya kiwanda nilimwona mara nyingi, akikata maji kama mshale, kisha akikaa juu ya jiwe kujikuna. Chini ya kiwanda niliona mashimo matupu, na siku moja mvuvi mmoja akatuletea aliyekufa ndani ya mgono wake. Mgongo wake ulikuwa na mabaka matupu, ngozi ya waridi, kama mbwa mwenye ukurutu.

Siku za kazi ya mtoni nilikula kwa akina Akello. Chumba cha mbele kilikuwa na kitanda, meza, redio iliyofunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na picha ya Afande akiwa kijana, kapteni wa timu ya mpira ya polisi. Mama yake Akello alijua mimi ni Mwislamu, na siku zangu za kuja hakuweka nyama mezani kabisa, nisije nikapata taabu ya kuuliza imechinjwa na nani. Alipika majani ya kunde kwa siagi ya karanga na ufuta, na ugali wa mtama uliokolea rangi ya udongo. "Kula, mtoto," aliniambia. "Wewe nakula kama ndege." Hakukaa na sisi kula kwa mkono. Alitumia kijiko. Nilidhani ni desturi yake mpaka siku aliponipokea sahani na nikaiona mikono yake kwa karibu. Ngozi ya vidole ilikuwa imechubuka, nyekundu, yenye nyufa, kucha zimelainika. Aliosha nguo za nyumba nzima kwa maji ya mto, kwa sababu bomba la safu ile lilitoa maji siku lilipojisikia. Akello alinitazama nikitazama. Afande, aliyekuwa anafunga kamba za viatu ili aende zamu, alisema tu kwamba ndani ya kiwanda walinzi wamekatazwa kunawa na maji yanayotoka kwenye mapipa. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza sheria ya kazi.

Baadaye tulielewa ni kwa nini. Kiwandani ngozi za ng'ombe ziliwekwa katika chokaa na dawa inayolegeza manyoya mpaka yanang'oka yenyewe, na maji hayo yalifunguliwa moja kwa moja mtoni. Daktari ndiye aliyebuni jaribio la mabeseni. Tulijaza beseni moja maji ya juu ya kiwanda, jingine maji ya chini, tukaweka mbawakawa katika kila moja, na kipande cha ngozi ya yule kirukanjia aliyekufa, kutoka tumboni ambako manyoya yalikuwa bado mazima. Mbawakawa waliogelea wote, wakapanda, wakashuka, kana kwamba hakuna tofauti. Kwenye maji ya juu kipande cha manyoya kilimetameta kwa hewa iliyonasa ndani yake. Kwenye maji ya chini kililowa, kikanywea kama kitambaa cha kupigia deki, na tulipokirudia siku zilizofuata manyoya yalitoka kwa kuguswa na kidole. Daktari alikuwa amesimama juu ya beseni, miwani imeshuka puani. Naisikia sauti yake hadi leo. "Huyu mwenye gamba atakudanganya," alisema. "Ukitaka kujua maji yakoje, muulize mwenye manyoya." Kisha akatuambia tuandike hayo kama yalivyo, tusipunguze. Tulifurahi kiasi kwamba Akello alininunulia rolex kwa muuzaji wa getini, yai na chapati motomoto, tukala tukitembea.

Wiki chache kabla ya kikao, tulikuwa tunaosha chupa za jemu tulizokuwa tunawekea wadudu, na nyuma ya ukuta wa mbao Daktari alikuwa na mgeni. Akello aliitambua sauti, kwa kuwa aliisikia kila siku kule kwenye nyumba za kiwanda. Alikuwa meneja wa kiwanda, mtu mpole, asiyepandisha sauti hata kwa walinzi. Walizungumza kwanza juu ya chumba chetu. Meneja alisikitika kuona dari ile. Alisema kiwanda kingeona fahari kujenga maabara mpya, yenye vigae, matangi ya kisasa na friji, na jina la Daktari mlangoni, kwa sababu nchi haiwezi kuendelea kama wasomi wake wanafanya kazi kwenye matope. Daktari akacheka, akamwongezea chai. Kisha meneja akauliza kama wale wadudu wa mtoni ni wazima. Daktari akasema ni wazima, tena wengi. Meneja akasema basi hilo linatosha, aseme hilo tu, maana wakubwa wa kikao ni watu wenye shughuli nyingi. Na yule mnyama? Daktari akakoroga chai. Nilikuwa nimeshika chupa, maji yanatiririka mkononi. Ndipo Daktari akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa vumbi kwenye koti, kwamba yule mnyama watu wengi hawajawahi hata kumwona. Akello alifunga bomba. Tulitoka nje tukakaa kwenye ngazi. Mimi nilisema labda ni adabu tu, mtu hamfukuzi mgeni. Yeye alisema, "Tutaona."

Tuliona. Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa shule ya msingi, madirisha yamejaa watu wa safu ile ya nyumba waliokosa viti. Mama yake Akello alikaa mbele, mikono ameificha ndani ya leso. Afande alisimama mlangoni na sare yake ya ulinzi, kwa kuwa meneja alimwambia aje kulinda utulivu. Daktari alizungumza kwa ufasaha. Alieleza mbawakawa wa majini ni nani, anavyohifadhi hewa chini ya gamba, anavyowinda. Alitaja kwa jina bidii ya mwanafunzi wake Akello, akamnyooshea mkono, watu wakampigia makofi. Halafu akasema kwamba mbawakawa hao ni wengi chini ya kiwanda kama walivyo wengi juu ya kiwanda, na kwamba mto wenye wadudu wengi namna hiyo ni mto wenye uhai. Akakaa. Kirukanjia hakumtaja. Mabeseni hakuyataja. Na hakusema uongo hata mmoja. Nilikuwa nimewahi kudhani uongo ni kitu unachoweza kukionyesha kidole, na siku ile nikaona mtu akijenga uongo mzima kwa matofali ya kweli, mbele ya watu, akiwa amevaa tai.

Nilisimama kwanza mimi. Nilisema kuna nusu ya pili ya kazi, ni yangu, na naomba isikilizwe. Mwenyekiti aliniambia nyabo, yaani bibi, kaa, mtaalamu ameshazungumza. Nikaendelea, nikafika kwenye mabeseni, na watu wa mbele wakaanza kunicheka kwa sababu nilikuwa nikisema panya wa maji kwa ajili yao, nikidhani wataelewa upesi, na wao wakasikia panya tu. Nilikuwa bado nasema Akello aliposimama. Hakuomba ruhusa. Alizungumza kwa Kiswahili cha kambi, ili watu wa madirishani wasikie, na alimtazama Daktari peke yake.

"Hiyo mdudu nilihesabu mimi," alisema. "Iko wengi kwa sababu iko na gamba, na iko na mbawa. Leo inakuja, kesho inaenda. Daktari, wewe mwenyewe ulisema itatudanganya." Kisha akamwinamia mama yake, akafunua leso, akainua ule mkono juu, polepole, kama anayeshika kitu cha kuvunjika. "Mama yangu hana gamba."

Daktari aliangalia karatasi zake. Sikuona aibu usoni mwake, niliona udhia, kama mtu aliyeingiliwa wakati wa chakula. Meneja aliandika kitu, akamwita mtu akamnong'oneza. Mwenyekiti akashukuru wote kwa michango yao, na uamuzi ukawa kwamba, kwa ushauri wa kitaalamu, maji yana uhai na kiwanda kiendelee.

Asubuhi yake Afande aliambiwa kazi imekwisha na nyumba inahitajika. Nilikwenda kuwasaidia kufunga vitu. Sare ya kiwanda alikuwa ameifua na kuipiga pasi, ameikunja mraba juu ya meza, kofia juu yake, tayari kuirudisha. Akello alikuwa ameketi kwenye kitanda kisicho na godoro, hawezi kumtazama baba yake. Hakulia. Afande alizunguka chumba akitoa misumari ukutani, mmoja mmoja, akiitia mfukoni, mpaka alipofika kwenye ile picha yake ya mpira. Akaishusha, akasema bila kugeuka, "Akello. Mimi nakasirika sana. Lakini si na wewe." Hapo ndipo Akello alipolia. Kurudi kwao hawakuweza, maana kwao kulikuwa na vita na ndugu zao walikuwa wamehamishiwa kwenye kambi za wakimbizi. Walipata chumba kimoja karibu na Nakivubo, nyuma ya maduka ya viatu, na mama yake akauza karanga za kukaanga. Baada ya miezi michache mikono yake ikapona. Ngozi mpya, laini, bila dawa yoyote. Alinionyesha akicheka, akaniambia sasa nakula na vidole kama mtu. Nilitoka pale nikatembea mpaka nyumbani Old Kampala kwa miguu, nikiwa na hasira kiasi kwamba sikuona njia, kwa sababu ule ulikuwa ushahidi ambao hakuna kikao kingeuita tena. Kwenye nyumba yao kule mtoni walikuwa wamewekwa watu wengine, wenye watoto wadogo.

Akello hakurudi chuoni. Alianza kuuza nguo za mitumba, akapata kibanda, kisha duka. Mimi nilimaliza. Mtihani wangu wa mwisho niliufanyia ndani ya maabara mpya, yenye vigae vyeupe na jina la Daktari mlangoni, na kwenye kabati la kioo palikuwa na mbawakawa wa Akello, amechomwa pini, ameandikiwa jina lake la Kilatini. Kiwanda kilihama baadaye, ardhi ilipopanda bei. Leo pale kuna maghala, na mto umetiwa kwenye mfereji wa zege. Nimewahi kwenda na wanafunzi wangu juu, kwenye kile kilichobaki cha msitu. Hatukuona kitu.

Siku ile ya msiba, chakula kilipokwisha, mtoto mkubwa wa marehemu alitufikia, simu mkononi ikirekodi sauti. Alikuwa anakusanya kumbukumbu za baba yake ili azichape kitabu. Aliinama kwa adabu, akatuita mashangazi, akaomba kila mmoja neno moja. Nilikuwa nikitafuta namna ya kukataa bila kumuumiza. Akello alivuta kiti kilichokuwa kitupu, akakipangusa, akamwambia, "Neno moja haitoshi. Kaa." Akamsimulia yote, bila kupandisha sauti. Nilipoona amesahau mabeseni nikayaeleza mimi. Kijana huyo, ambaye si kijana tena, hakutukatiza. Spika iliendelea kumsifu baba yake juu ya vichwa vyetu. Mwishoni alitazama simu, akauliza kwa sauti ndogo kama tunataka ayafute. Akello alimwambia baba ni wake na kitabu ni chake, afanye anavyoona, ila asije akasema hakuambiwa. Kijana alisema asante. Kisha akaenda kuwapokea wageni wengine.

Tuliteremka kilima kwa miguu kwenda kutafuta boda. Nilimwambia Akello kwamba watoto wangu huniambia hasira ya muda mrefu namna hii ni ugonjwa, inapandisha presha, niiache. Nikamuuliza yeye ameiachaje. Alinitazama kama niliyemuuliza jambo la ajabu.

"Kwani wao wameacha?" alisema. Akaniambia kwamba nyuma ya soko, wanakouza yeye na wenzake, kuna karakana mpya inayochovya vyuma kwenye tindikali na kumwaga maji yake kwenye mfereji unaopita wanapooshea mboga. Wamelalamika, na wakubwa wametafuta mtaalamu wa kuja kusema maji ni salama. Kikao ni Jumatano. Yeye ataongea, lakini anataka awe na mtu anayejua kusoma karatasi za wataalamu, akaona kile walichoacha kuandika.

Boda wake alikuwa ameshasimama. Nikamuuliza kikao kinaanza saa ngapi.